Hita ikinuka, usikimbilie pafyumu

Huku kwetu Njombe, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, abiria haanzi na nauli. Anafungua mlango, anaingiza kichwa, anauliza, "Kaka, hita inawaka?" Ukimwambia haiwaki, anakuaga kwa adabu zote na kwenda kwenye gari la jirani. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na njia ninayoendesha, ya kwenda Makete, inazidi kupanda. Saa kumi na moja alfajiri ukungu umelala barabarani, kioo cha mbele kinatoka jasho kwa ndani, na Noah nzima inapumua kwa pamoja. Hapo hita si starehe tena. Bila hiyo kona huioni.

Sasa hita hiyohiyo ikianza kunuka, kila aliye ndani ya gari anageuka fundi. Mmoja atasema ni injini, mwingine atamwangalia aliyebeba dagaa. Konda wangu aliamua kununua ule mti wa karatasi unaonukia, wa kuning'iniza kwenye kioo. Tukawa na harufu mbili badala ya moja.

Sina ugomvi na watu wa pafyumu, ila kwenye hita siikubali hata kidogo. Harufu ndiyo inayokuambia kilichoharibika ni nini na kiko wapi. Ukiifunika, umejifunga macho mwenyewe. Na kati ya harufu zinazoweza kutoka kwenye matundu yale ya dashibodi, kuna moja inaua watu.

Kabla sijashika bisibisi naanza na swichi moja tu, ile yenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Kazi yake ni kufunga hewa ya nje, gari libaki linazungusha hewa ya ndani. Hewa ya nje kwenye magari mengi inaingilia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala. Kwa hiyo ukifunga hewa ya nje na harufu ikapungua, chanzo kiko nje: moshi, oili inayoungua, au lori la mbao lililo mbele yako. Harufu ikibaki palepale au ikazidi, mara nyingi ni ya ndani: kwenye feni, evaporeta (kile kifaa cha AC kinachopoza hewa), rejeta ya hita, au kwenye zulia. Ni jaribio la dakika chache, bure kabisa, na nashangaa mafundi wanaotaka kushusha dashibodi kabla ya kulifanya.

Wakati mwingine hita yenyewe haina kosa lolote. Mwezi wa tatu, msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mama mmoja alipandia Tandala na dumu la lita tano, akalisukuma chini ya siti. Mdomo wa dumu ulizibwa kwa gunzi la hindi, maana ulanzi unaochacha ukiufunga kwa kifuniko cha kukaza utapasua chombo. Kwenye matuta gunzi likang'oka. Tukafuta, tukasahau. Wiki zote za joto gari halikunuka kitu. Baridi ilipoingia, nikawasha hita ipulize miguuni, zulia likapata moto, na ule ulanzi ukafufuka: uchachu wa klabu ya pombe saa tatu asubuhi, na mchungaji amekaa siti ya mbele. Kufuta zulia juu hakusaidii, kwa sababu chini yake kuna tabaka nene la sufi linalonyonya kila kitu. Nilitoa viti, nikalitoa zulia zima, nikaliosha pamoja na sufi yake kwa maji ya moto na sabuni. Jua la mwezi wa saba unalijua lilivyo huku, kwa hiyo likakaukia jikoni kwa mama, juu ya moto. Limerudi linanuka moshi wa kuni, na hiyo ni harufu ambayo Njombe nzima hakuna anayeilalamikia.

Tuje kwenye harufu za nje. Noah yangu ni ile ya zamani, ambayo injini imekaa chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona unainua siti, siyo boneti. Mfuniko wa injini umezungushiwa raba, na raba ikikauka, au fundi akirudisha mfuniko na kuacha kifungio kimoja wazi, joto na harufu ya injini vinapanda moja kwa moja hadi puani kwako. Wenye Noah za namna hii, anzeni hapo. Piteni na tochi pembeni mwa raba, muone kama kuna mahali imekatika au imejikunja.

Harufu ya oili inayoungua ni kali, inakaba koo, na inakuja zaidi ukisimama baada ya kupanda mlima. Mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini yenyewe, imechoka, oili inachuruzika kidogokidogo inaangukia kwenye manifoldi ya moshi ambayo ni ya moto sana. Gasketi yenyewe si ghali. Wengi hawaambiwi kwamba oili iliyokwisha kumwagika itaendelea kuungua kwa siku kadhaa hata baada ya gasketi mpya. Mwambie fundi asafishe pale pote kabla ya kufunga, vinginevyo utarudi kugombana naye bure.

Moshi wa bomba ndio ninaouogopa. Siku hizi magari mengi yamekatwa masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, yakauzwa, na pengo likaungwa kwa kipande cha bomba na kulehemu kwa haraka. Ulehemu ukipasuka, au gasketi ya manifoldi ikiungua, moshi unatokea chini ya gari badala ya kutokea nyuma, na unaingia ndani kupitia tundu lolote utakalolipata. Hata raba ya mlango wa nyuma ikiwa imechakaa, moshi wa bomba unavutwa ndani wakati gari linatembea. Kwenye moshi huo mna kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Unachokinusa ni vitu vingine vinavyosafiri nayo. Kwa hiyo harufu ya moshi ikipungua usiseme hatari imepungua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi usioeleweka, na unaona watu wawili watatu wanalalamika kwa wakati mmoja. Fungua vioo vyote, hata kama nje kuna barafu, simama, shusha watu. Halafu gari liende kwa fundi: injini ikiwa bado ya baridi unawasha na kusikiliza chini. Palipovuja panatoa mlio wa kupumua, na utakuta masizi meusi kwenye kiungio.

Kuna madereva wenzangu wanaosubiri abiria Makete usiku, wanalala ndani ya gari injini ikiunguruma na hita imewashwa, vioo vyote juu. Nimeshawaambia. Wananiita mwalimu.

Harufu za ndani ni hadithi nyingine. Siku ya kwanza ya kuwasha hita baada ya miezi mingi, vumbi lililolala humo linaungua kidogo na kunuka. Hiyo inaisha yenyewe, usiite fundi. Plastiki au waya ukiungua, hapo zima feni papo hapo. Kama feni ya hita inafanya kazi kwenye namba ya mwisho tu na namba ndogo zimekufa, rezista ya feni, kile kidude kinachopunguza kasi yake, imekwenda, na ukiiangalia utakuta na soketi yake imeanza kuyeyuka. Badilisha vyote viwili.

Panya nao ni wapangaji wetu wa kudumu. Mahindi yakishavunwa na kuletwa nyumbani, panya wanayafuata, na gari lililopaki karibu na ghala lina injini ya vuguvugu na matundu pale chini ya waipa. Shemeji yangu ana IST, akalalamika harufu ya mkojo kila akiwasha hita, na feni inakwaruza. Kwenye gari lile unatoa kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, unabana kingo zake mbili kinashuka, na nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki chenye filta ya kabini. Tulipoivuta ilitoka na kiota kizima: sponji ya siti, maganda ya mahindi, na nusu ya risiti ya mafuta. Filta ilikuwa nyeusi, upande mmoja imetafunwa tundu la kupitisha kidole gumba. Hakuna dawa ya kuinusuru filta ya hivyo, unanunua nyingine.

Ila kabla ya kushika uchafu wa panya, vaa glovu na barakoa, halafu nyunyizia dawa ya kuua vijidudu mpaka uchafu wote ulowe. Usipulize kwa upepo wa kompresa kama mafundi wanavyopenda, maana vumbi la kinyesi cha panya lina magonjwa na utalivuta lote wewe. Baada ya kusafisha, tulikata wavu wa chuma wenye matundu madogo tukauweka kwenye mlango wa hewa chini ya waipa. Paka anasaidia pia, lakini wa shemeji alishaanza kulala juu ya injini, na hilo ni tatizo jingine.

Uvundo, ule wa ukungu, unatoka kwenye evaporeta. Watu hushangaa nikiwasha AC na hita kwa pamoja asubuhi ya baridi, wanadhani nimechanganyikiwa. AC inakausha hewa, hita inaipasha moto, na kioo kinafunguka upesi kuliko hita peke yake. Lakini evaporeta inapokausha hewa inalowa yenyewe, na maji yake yanatakiwa kudondoka chini kupitia kipira kidogo. Barabara za vijijini zikipaka tope chini ya gari, kipira kinaziba, maji yanabaki ndani, ukungu unaota. Unalala chini ya gari, unakitafuta kipira, unakichokonoa taratibu kwa waya laini, na maji yatakumwagikia usoni, jiandae. Kisha unapuliza dawa ya povu ya evaporeta. Na kila siku, ukikaribia unakokwenda, zima AC dakika chache kabla ya kufika, acha feni iendelee kupuliza ili mle ndani pakauke. Mimi nazima nikiona minara ya mjini.

Sasa harufu iliyonitesa kweli.

Noah niliinunua kwa mtu wa Dar es Salaam. Ukiishi Dar, hita ni kitufe ambacho watoto wanakichezea. Fundi aliyekuwa analihudumia gari kule alikuwa ameng'oa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ili, kama wanavyosema, "gari lisichemke", na kwenye rejeta alikuwa anajaza maji ya bomba. Maji yalipomwagwa huku yalitoka rangi ya chai ya rangi. Gari lisilo na themostati halipati joto la kutosha kwenye baridi: hita inatoa hewa ya vuguvugu, ukishuka mlima inakuwa ya baridi kabisa, na mafuta unakula zaidi kwa sababu injini inafanya kazi ikiwa baridi muda wote. Nashindwa kuwaelewa mafundi wanaokitupa kile kidude. Gari likichemka kuna sababu, na sababu yenyewe si themostati nzima.

Fundi wangu hapa mjini ni mzee wa Kibena ambaye hugusi gari kabla hujamsalimia "kamwene" na kuulizwa habari za mahindi. Alininunulisha themostati, na kabla ya kuifunga akaitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa pale gereji. Tukachuchumaa tukiiangalia. Maji yalipoanza kutoa mvuke, kabla hayajachemka, ile springi ikajikunja taratibu na kisahani kikaachana na ukingo wake, milimita kwa milimita. Hii ya kwangu hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. "Hiyo nzima," akasema, akaitoa kwa koleo. Akanieleza pia kwamba huku juu maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 93 au karibu na hapo, siyo 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaoshika presha ni muhimu kwetu kuliko kwa watu wa pwani. Mfuniko wangu ulikuwa umelegea. Tukabadilisha na huo, tukasafisha mfumo wote, tukajaza kulanti, yaani dawa ya kupozea injini.

Hita ikawaka mpaka abiria wakaanza kuvua makoti. Baada ya muda mfupi ikaja harufu: tamu, kama sharubati iliyomwagikia kwenye mkaa. Kioo cha mbele kikaanza kupata utando wa mafuta ambao ukiufuta na kitambaa unasambaa tu. Zulia upande wa abiria likawa linanata. Nikaweka kidole, nikaona kimiminika cha kijani, nikakinusa. Maji ya AC hayana rangi, hayana harufu na hayanati. Hiki kilikuwa kulanti.

Rejeta ya hita, yaani ile rejeta ndogo iliyofichwa ndani ya dashibodi ambayo maji ya moto ya injini yanapita, ilikuwa imetoboka. Mzee alikuwa ameshanionya. Maji ya bomba yanaleta kutu, kutu inakula chuma, na kutu hiyohiyo inaziba vitundu ilivyovitoboa. Ukisafisha mfumo na kurudisha presha, vile vitundu vinafunguka. Yaani gari lilikuwa bovu kabla sijalinunua, tulichofanya sisi ni kulitoa siri.

Hata hivyo hakukimbilia kushusha dashibodi. Alifungua ile mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya hita, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klipu mbili, maji yasipite kabisa kwenye hita. "Endesha hivyo, kila asubuhi angalia kulanti." Kulanti haikupungua tena, na harufu ikafifia siku hadi siku. Hapo tukawa na uhakika. Mafundi wengi wanaishia hapo na kukuambia kazi imekwisha, na ukiwa Dar pengine ni kweli. Huku ni kuendesha umejifunika blanketi na kufuta kioo kwa mkono.

Rejeta ya hita iliyotumika niliagiza Gerezani, Kariakoo, ikaja na basi ikiwa imefungwa kwenye boksi la biskuti. Shilingi 70,000, ukiacha nauli ya mzigo. Ufundi 120,000, na ni halali yake, maana dashibodi nzima inashuka: usukani, redio, mabomba ya hewa ya plastiki, na waya ambazo mzee alizifunga vipande vya utambi vya rangi ili ajue kila moja inarudi wapi. Kabla ya kuifunga aliijaza upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji kutafuta mapovu. Ninyi pia msikubali spea ya mtumba ifungwe bila kuzamishwa, kwa sababu kuifungua tena ni 120,000 nyingine.

Kulanti tulichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya betri yasiyo makali. Nasema yasiyo makali kwa sababu dukani vyote vinaitwa maji ya betri, na yale makali ni asidi. Kisha kutoa upepo kwenye mfumo, kazi ambayo kwenye Noah hizi haitaki haraka: gari linapandishwa pua juu kwenye mwinuko, mfuniko unafunguliwa injini ikiwa ya baridi, hita inawekwa mwisho kabisa, unawasha na kuongeza kulanti kadiri mapovu yanavyotoka. Ukiacha upepo ndani, hita itapuliza baridi na utadhani umeuziwa rejeta mbovu. Na mfuniko wa rejeta ya moto usiuguse kamwe. Nina jirani mwenye kovu la shingo kwa ajili hiyo.

Kulanti iliyomwagika kwenye zulia ni sumu, na utamu wake unawavutia mbwa na watoto. Maji tuliyooshea zulia hatukuyaacha uwanjani. Kioo cha mbele nilikiosha kwa ndani na siki na maji ya moto, nikarudia, mpaka ule utando ukaachia.

Mbele sasa ni kuzuri. Nyuma bado. Noah hizi zina hita ya pili kwa ajili ya viti vya nyuma, na maji yake yanakwenda huko kwa mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari, yakipigwa na mawe na tope njia nzima. Yangu yameoza kwenye kona moja karibu na tairi, na mzee ameyafunga kwa sasa kwenye kiungio cha mbele. Fundi wa bomba wa mjini anataka 90,000 kuyatengeneza upya kwa shaba. Namsikilizia ashuke kidogo, na abiria wa siti ya nyuma nawapunguzia 500 kila mmoja mpaka hapo.